Neno *plugŭ* katika Lugha za Kislavi: Uhakiki wa Nadharia Kuhusu Asili Yake

0. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya kilimo ya lugha za Kislavi, ni machache yaliyozua ubishi mrefu kama neno *plugŭ*, yaani plau. Neno hilo limeenea karibu katika ukoo mzima wa lugha hizo: Kirusi *plug*, Kipolandi *pług*, Kicheki na Kiukraine *pluh*, Kislovenia, Kiserbia na Kibulgaria *plug*. Maana yake haina utata. Kinachobishaniwa ni asili yake. Wapo wanaodai kwamba Waslavi walilipokea kutoka kwa majirani zao wa Kigermaniki. Wapo wanaodai kinyume, kwamba Wagermaniki ndio waliolipokea kutoka kwa Waslavi. Wengine wanashikilia kwamba pande zote mbili zililipata kwa mtu wa tatu.

Lingekuwa suala la sauti na viambishi tu, ubishi huu ungebaki katika kamusi. Lakini tangu karne ya 19 neno hili limebebeshwa swali zito kuliko uwezo wake: katika Ulaya ya mashariki, nani alimfundisha mwenzake kulima? Kwa jibu la swali hilo, watu wamepandishwa cheo au wameshushwa katika historia.

Kwa msomaji wa Kiswahili, jambo hili haliko mbali kama linavyodhaniwa. Neno *plau* lililomo katika kamusi za Kiswahili limetoka katika Kiingereza, na neno hilo la Kiingereza ni la ukoo uleule wa neno la Kislavi linalojadiliwa hapa. Hali kadhalika, Kiswahili chenyewe kimewahi kupimwa kwa idadi ya maneno yake ya mkopo, na wasemaji wake wakahukumiwa kwa kipimo hicho. Makala haya yanakusudia kupima nadharia tatu zilizotajwa, kuonyesha nguvu na udhaifu wa kila moja, na kubainisha mpaka wa kile ambacho neno moja laweza kushuhudia.

1. Zana mbili, majina mawili

Kabla ya kujadili jina, sharti kitu chenyewe kijulikane. Wasomi wa Kifaransa André-Georges Haudricourt na Mariel Jean-Brunhes Delamarre, katika kitabu chao cha mwaka 1955 juu ya binadamu na plau duniani kote, walisisitiza tofauti ambayo Kifaransa huitaja kwa maneno mawili: *araire* na *charrue*. Zana ya kwanza ina pande mbili zilizo sawa. Ncha yake hupasua ardhi na kusukuma udongo kidogo kulia na kidogo kushoto, bila ya kuugeuza. Kwa sababu hiyo mkulima hulazimika kulima shamba lake mara mbili, mara ya pili akikata mifuo ya mara ya kwanza. Zana hii hufaa udongo mwepesi na mkavu.

Zana ya pili haina pande sawa. Mbele yake huwa na kisu kinachokata ardhi wima, kisha ulimi wa chuma unaoikata chini kwa ulalo, kisha ubao unaolibeba bonge la udongo na kulipindua upande mmoja. Mara nyingi huwa na magurudumu. Huhitaji ng'ombe wengi, na kwa kuwa ni vigumu kuigeuza mwishoni mwa mfuo, huandamana na mashamba marefu na membamba. Hii ndiyo zana ya udongo mzito na wenye maji wa tambarare za kaskazini ya Ulaya.

Waslavi wana jina kwa kila moja. Zana ya kwanza ni *ralo*, ya pili ni *plugŭ*. Majina hayo mawili yanatofautiana sana kwa nasaba. *Ralo* ni neno lenye jamaa wengi. Linatokana na kitenzi *orati*, "kulima kwa zana ya kukokotwa", pamoja na kiambishi cha kuundia majina ya vyombo. Ndugu zake wanajulikana katika karibu kila tawi la lugha za Kihindi-Kiulaya: Kilatini *arare* na *aratrum*, Kigiriki *arotron*, Kilithuania *arti* na *arklas*, Kigothi *arjan*, Kiwelisi *aradr*. Zaidi ya hayo, umbo la neno linabeba alama za umri wake. Katika Kislavi-mame lilikuwa *ordlo*. Kutokana na umbo hilo, Kipolandi kimepata *radło* na Kicheki *rádlo*, zikihifadhi *d*. Lugha za kusini na za mashariki zimepata *ralo*, zikiidondosha *d* hiyo. Kila tawi limefuata kanuni zake. Ni dhahiri kwamba neno lilikuwamo kabla ya matawi kutengana.

*Plugŭ*, kwa upande wake, ni kama mgeni asiye na ukoo kijijini. Hakuna kitenzi cha Kislavi ambacho limetokana nacho kwa njia iliyo wazi. Vitenzi vilivyopo vimeundwa kutokana na jina lenyewe. Tena, sauti zake *p*, *l*, *u* na *g* zimepita katika mabadiliko makuu ya Kislavi bila ya kuachiwa kovu. Tofauti ya *g* na *h* inayoonekana katika Kicheki na Kiukraine ni ya baadaye na huathiri maneno yote yenye sauti hiyo. Kwa hiyo umbo la neno halisemi kama lilikuwamo katika Kislavi-mame au lilienea kutoka kijiji hadi kijiji baada ya matawi kutengana. Huu ndio ugumu wa kwanza, na wengi wa waliobishana wameuruka.

2. Nadharia ya asili ya Kigermaniki

Nadharia inayoungwa mkono na wanaisimu wengi ni ile inayolitoa neno hili katika lugha za Kigermaniki. Max Vasmer aliikubali katika kamusi yake ya etimolojia ya Kirusi iliyochapishwa kati ya 1950 na 1958. Msingi wake ni ulinganisho na Kijerumani cha Juu cha Kale *pfluog* na Kiskandinavia cha Kale *plógr*, ambayo yote yanarejeshwa kwenye umbo la zamani *plōgaz*.

Hoja yake ya kifonolojia ni imara. Inajulikana kwamba irabu ndefu *ō* ya Kigermaniki ilipoingia katika Kislavi iligeuka *u*. Ndivyo ilivyokuwa kwa neno *buky*, "herufi, maandishi", lililotokana na shina la Kigermaniki *bōk-*. Basi *plōg-* kuwa *plug-* si jambo la kushangaza. Ni kanuni ileile ikifanya kazi yake. Tena, sauti ya mwanzo ya neno la Kislavi ni *p* wala si *pf*. Hilo ni dokezo, ingawa si ushahidi kamili, kwamba neno lilichukuliwa kabla ya badiliko la konsonanti lililozigawa lahaja za Kijerumani cha Juu na nyingine, au lilichukuliwa katika lahaja ambayo haikuguswa na badiliko hilo.

Hata hivyo, nadharia hii ina udhaifu mkubwa pale inapochukulia kwamba neno lilikuwa mali ya Wagermaniki tangu jadi. Mwanafunzi wa isimu anakumbuka kwamba *p* ya Kihindi-Kiulaya iligeuka *f* katika Kigermaniki: Kilatini *pater*, Kiingereza *father*. Neno la Kigermaniki linaloanza kwa *p*, ikiwa ni la urithi, lingepaswa kutokana na *b* ya zamani, na sauti *b* ilikuwa adimu mno katika Kihindi-Kiulaya. Ndiyo sababu maneno ya Kigermaniki yenye *p* mwanzoni hushukiwa kuwa ya mkopo. Wapo waliojaribu kuliunganisha neno na kitenzi cha Kijerumani *pflegen*, "kutunza, kuzoea", chenye jamaa yake *Pflicht*, "wajibu". Maana zaweza kukaribiana, lakini mbadilishano wa irabu za kitenzi hicho hauielezi *ō* kwa urahisi.

Ushahidi wa maandishi nao haulipi neno umri mkubwa upande wa Kigermaniki. Wulfila, aliyetafsiri Biblia kwa Kigothi katika karne ya 4, alipofika Luka 9:62, panaposemwa juu ya mtu anayeshika plau na kutazama nyuma, alitumia neno *hōha*. Waingereza wa kale waliita zana yao *sulh*. Neno *plōh* linaonekana kwao baadaye, na kwa maana ya kipimo cha ardhi. Waskandinavia nao walikuwa na *arðr*, ndugu wa *ralo* na *aratrum*. Kwa ufupi, Wagermaniki walikuwa na majina mengine, kila kundi na lake, kabla ya jina hili kuenea. Anayesema kwamba Waslavi walilipata neno kwa Wagermaniki anaeleza hatua moja tu ya safari. Bado hajasema safari ilianzia wapi.

3. Nadharia ya asili ya Kislavi

Nadharia ya pili inaigeuza njia. Aliyeipa sifa nje ya duru za wanaisimu ni mwanahistoria wa Marekani Lynn White, katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ufundi wa Zama za Kati na mabadiliko ya jamii. White alitegemea utafiti wa mwanaetnolojia wa Kroatia Branimir Bratanić, uliochapishwa mwaka 1952. Hoja ni hii: kuna istilahi 26 zinazohusu plau nzito na namna ya kulima nayo ambazo zimo katika matawi yote matatu ya Kislavi, yaani la mashariki, la magharibi na la kusini. Ikiwa matawi yote yanazo, lazima zilikuwamo kabla ya kutengana kwao. Na kwa White, kutengana huko kuliambatana na kuingia kwa Waavari mwaka 568. Kwa hiyo Waslavi walikuwa na plau nzito kabla ya tarehe hiyo.

Nadharia hii ina sifa moja isiyopaswa kudharauliwa: haikuridhika na jina la zana, bali ilitazama msamiati mzima wa kazi. Mtu akitaka kujua kama jamii fulani inaujua ufundi fulani, asiulize tu jina la chombo. Aulize majina ya sehemu zake, ya mwendo wake, na ya hitilafu zake. Fundi anajulikana kwa maneno madogo.

Lakini idadi peke yake haitoshi, na hapo ndipo nadharia inapoyumba. Neno kuwamo katika matawi matatu kunaweza kuelezwa kwa njia tatu. Huenda ni urithi. Huenda ni mkopo wa baadaye uliopita kwa urahisi kati ya lugha ambazo bado zilikuwa zinaelewana. Huenda pia ni neno la zamani la sehemu ya *ralo* ambalo lilihamishiwa kwenye *plugŭ* zana hiyo ilipofika, bila ya kubadilika umbo. Kuyahesabu maneno bila ya kuyapima moja moja kwa kanuni za sauti ni kuchanganya mahindi na mtama katika pishi moja. Aidha, R. H. Hilton na P. H. Sawyer, waliokihakiki kitabu cha White mwaka 1963, walimlaumu kwa kujenga maelezo makubwa ya kijamii juu ya ushahidi mwembamba.

Kuhusu jina *plugŭ* lenyewe, nadharia ya Kislavi inakutana na kizuizi kilichotajwa hapo juu: neno halina wazazi katika lugha inayodaiwa kuwa nyumbani kwake. Ni kweli kwamba Kislavi kimewahi kuwakopesha Wajerumani. Neno la Kijerumani *Grenze*, "mpaka", limetoka katika Kislavi *granica*, na hakuna anayelibisha. Lakini *granica* lina shina la Kislavi linaloonekana wazi. Uwezekano wa mkopo kupita njia fulani si uthibitisho kwamba mkopo huu mahususi ulipita njia hiyo.

4. Nadharia ya chimbuko la Alpi

Nadharia ya tatu inatazama kusini, katika milima ya Alpi. Pliny Mkubwa, aliyeandika katika karne ya 1, alitaja katika kitabu cha 18 cha kazi yake juu ya maumbile kwamba huko Raetia kulikuwa kumebuniwa si zamani aina ya plau iliyoongezewa magurudumu mawili madogo, na akataja jina lake. Kwa bahati mbaya nakala za mkono zilizotufikia zina umbo lisiloeleweka, *plaumorati*. Katika karne ya 19 ilipendekezwa kwamba mwandishi wa nakala aliunganisha maneno mawili, na kwamba Pliny aliandika *ploum Raeti*, yaani Waraetia huita *ploum*.

Sahihisho la kubuni ni tegemeo dhaifu, na lingekuwa peke yake lisingestahili uzito. Lakini liko pamoja na ushahidi mwingine. Sheria za mfalme Rothari wa Walombardi, zilizoandikwa kwa Kilatini mwaka 643 huko kaskazini ya Italia, zina neno *plovum* likitajwa kando ya *aratrum*. Waliotunga sheria hiyo walijua zana mbili, wakazitaja kwa majina mawili. Lahaja za kaskazini ya Italia zimehifadhi maneno ya ukoo huo hadi nyakati zetu, nazo kama *plovum* hazina *g*. Kama Walombardi wangalileta tu neno la Kigermaniki lenye umbo *plōg-*, kukosekana kwa *g* hiyo kungehitaji maelezo.

Nguvu ya nadharia hii ni kwamba inajibu swali ambalo zile nyingine mbili zinalikwepa: kwa nini neno halina nasaba nzuri si katika Kislavi tu bali hata katika Kigermaniki. Ikiwa lilitoka katika lugha ya Alpi iliyokufa bila ya kuacha maandishi ya kutosha, upweke wake pande zote mbili unaeleweka. Na hapo hapo pana udhaifu wake. Lugha isiyojulikana ni mdhamini mwepesi: hukubali kila deni kwa kuwa haiwezi kuhojiwa. Jinsi *ploum* au *plovum* lilivyopata *g* katika Kigermaniki bado ni suala gumu. Nadharia ya Alpi inafaa kushikwa kama iliyo na uwezekano mkubwa kuliko nyingine, wala si kama iliyokwisha kuthibitishwa.

5. Ushahidi ulioachwa kando

Wabishi wengi wameng'ang'ania jina la zana. Mambo mengine mawili yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

La kwanza ni matumizi ya maneno katika maandishi ya Kislavi yenyewe. Tafsiri ya Injili kwa Kislavi cha Kale cha Kanisa, iliyoanzishwa na Kiril na Metodi katika karne ya 9, inapofika aya ileile ya Luka 9:62 inatumia *ralo*. Hilo halionyeshi kwamba *plugŭ* halikujulikana. Mfasiri alikuwa na neno la Kigiriki *arotron* mbele yake, na *ralo* ndilo lililolingana nalo kwa maana na hata kwa nasaba. Linaonyesha tu kwamba *ralo* ndilo lililokuwa jina la kawaida na la heshima. Inafaa kukumbuka kwamba wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 walipofika hapo hawakutaja zana yoyote, bali walitumia kitenzi *kulima*. Mtu wa karne zijazo atakayehitimisha kutokana na aya hiyo kwamba Waswahili hawakuwa na jembe atakuwa amekosea sana.

Taarifa ya zamani ya Urusi, iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 12, inatoa mfano wa kuvutia zaidi. Chini ya mwaka 964 inasimulia kwamba Wavyatichi waliwalipa Wakhazari kodi ya sarafu moja kwa kila *ralo*. Chini ya mwaka 981 inasimulia kwamba Vladimir aliwatoza Wavyatichi haohao kodi kwa kila *plugŭ*, kama alivyofanya baba yake. Msomaji wa haraka angesema kwamba katika miaka 17 watu hao waliacha zana moja na kushika nyingine. Usomaji huo haukubaliki. Mwandishi anasema waziwazi kwamba kodi ya Vladimir ilikuwa ileile ya baba yake. Kinachohesabiwa hapa ni kipimo cha kodi, na maneno mawili yanabadilishana nafasi kwa sababu yote yamekuwa istilahi za mtoza kodi.

Jambo hili si la Urusi peke yake. Nchini Poland kodi ya ardhi iliitwa *poradlne*, kutokana na *radło*, na iliendelea kuitwa hivyo hata mwaka 1374 ilipopunguzwa kwa mapatano ya mfalme na makabaila. Nchini Denmark mfalme Erik, aliyetawala kuanzia 1241 hadi 1250, amebaki katika historia kwa jina la utani *Plovpenning*, kwa sababu alitoza kodi kwa kila plau. Na Kiingereza cha Kale, kama ilivyoonekana, kililijua neno kwanza kama kipimo cha ardhi. Ushahidi huu unafungua mlango ambao nadharia zote tatu zimeupita: jina laweza kusafiri mkononi mwa karani kabla ya zana kusafiri mkononi mwa mkulima. Hapo jina na kitu huachana, na tarehe ya kimoja si tarehe ya kingine.

La pili ni majina ya sehemu za zana. Hapa inafaa kurudi kwa Bratanić, lakini kwa kipimo cha sauti badala ya hesabu. Ulimi wa plau huitwa *lemešĭ*: Kirusi *lemekh*, Kipolandi *lemiesz*, Kiserbia *lemeš*. Neno hili kwa kawaida huunganishwa na shina lenye maana ya kuvunja, kwa hiyo lina jamaa ndani ya Kislavi. Ila sauti zake, kama zile za *plugŭ*, hazisemi lilitoka enzi gani. Kisu cha plau ndicho kinachotoa ushahidi ulio bora. Kwa Kirusi kinaitwa *čereslo*, kwa Kipolandi *trzosło*. Tofauti hiyo si ya bahati. Ni matokeo halali ya umbo la Kislavi-mame *čerslo* kupita katika kanuni za kila tawi, kama *ordlo* lilivyopita. Shina lake ni lile lenye maana ya kukata. Basi Waslavi walikuwa na jina lao wenyewe, lililoundwa kwa mali yao wenyewe, kwa ajili ya kisu cha kukatia ardhi, kabla ya mabadiliko hayo ya sauti kukamilika.

Hapo pia pahitaji hadhari. Kisu hakithibitishi kuwapo kwa ubao wa kugeuzia udongo. Warumi walikijua kisu hicho, na Pliny anakitaja. Lakini neno *čerslo* linatosha kuonyesha kwamba jina la zana nzima laweza kuwa la mkopo huku jina la sehemu yake muhimu likiwa la urithi. Wakulima waliokuwa tayari na ulimi na kisu, na maneno ya kuvitaja, hawakuwa wanafunzi watupu siku jina jipya lilipowafikia.

6. Kutoka neno hadi hukumu juu ya watu

Ubishi juu ya *plugŭ* usingalikuwa mkali kiasi hiki kama si matumizi yake. Mfano ulio wazi ni wa Jan Peisker. Katika kazi yake ya mwaka 1905 juu ya mahusiano ya kale ya Waslavi na Waturuki na Wagermaniki, alikusanya maneno ya mifugo na maziwa ambayo aliyaona kuwa ya mkopo, kisha akahitimisha kwamba Waslavi wa kale hawakuwa na mifugo yao wenyewe kwa kuwa waliishi chini ya mabwana wa kigeni. Neno lilifanywa shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa pamoja. Wasomi wa Kislavi walimpinga, na baadhi ya waliopinga kosa hilo walilirudia kwa upande wao: badala ya kuikataa njia, waliigeuza, wakatafuta maneno ambayo Wajerumani walikopa kwao.

Kosa lenyewe ni la mantiki. Watu hukopa jina la kitu wasichokuwa nacho. Hukopa pia jina la aina mpya ya kitu walicho nacho. Hukopa pia jina kwa sababu ya soko, kodi, dini au fahari. Waslavi waliita mkate *khlěbŭ*, neno la Kigermaniki. Hakuna anayeweza kusema kwamba hawakula nafaka kabla ya hapo. Waswahili waliita zana ya kukokotwa na ng'ombe *plau*. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba kabla ya Mwingereza hawakulima, ilhali neno *jembe* liko palepale. Na jina laweza hata kudanganya juu ya njia ya kitu chenyewe: *mahindi* kwa Kiswahili yanaelekeza Uhindi, lakini mmea huo ulitoka Amerika.

Mjadala juu ya Kiswahili umepita katika tope hilohilo. Kuna waliohesabu maneno yenye asili ya Kiarabu, wakahitimisha kwamba lugha yenyewe ni ya Kiarabu na ustaarabu wa pwani ni wa wageni. Jibu la maana halikupatikana kwa kukanusha mikopo hiyo, ambayo ipo. Lilipatikana kwa kuonyesha kwamba sarufi, ngeli, vitenzi na msamiati wa msingi ni vya Kibantu, na kwamba mkopo ni dalili ya mahusiano wala si hati ya umaskini. Somo hilo linafaa pia kwa *plugŭ*. Mtetezi wa Waslavi hana haja ya kulipigania neno moja. Ana *orati*, ana *ralo*, ana *čerslo*.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba nadharia ya Kigermaniki ina nguvu katika hatua ya mwisho ya safari ya neno, yaani kuingia kwake katika Kislavi, lakini haielezi chanzo chake. Nadharia ya Kislavi imefanya vyema kuutazama msamiati mzima, lakini imehesabu pale ilipopaswa kupima, na haina wazazi wa kumpa mtoto wake. Nadharia ya Alpi inaeleza upweke wa neno pande zote mbili, ingawa inategemea nakala iliyoharibika na lugha iliyonyamaza. Kwa ushahidi uliopo, njia iliyo na uwezekano mkubwa ni ile ya neno la Alpi lililopokewa katika lahaja za Kigermaniki za magharibi, kisha likapita kwa Waslavi, pengine kwa njia ya kodi na upimaji wa ardhi kadiri ya kwa njia ya mashamba.

Lakini njia ya jina si njia ya ujuzi. Mwanafunzi atakayeshika etimolojia ya neno lolote la kilimo, liwe la Kislavi au la Kiswahili, na aulize maswali manne kabla ya kutoa hukumu: neno lina jamaa gani katika lugha yake? Sauti zake zinabeba alama za enzi gani? Maandishi ya kale yanalitumia kwa zana au kwa kodi? Na majina ya sehemu za zana yanasema nini? Asiyejibu yote manne amepata jina tu. Mkulima mwenyewe bado hajamfikia.